Mtoto wako anaimba nini?



Mwezi huu tuongee habari ya nyimbo. Sisemi nyimbo za misa. Nasema zile zinazolia usiku na mchana katika nyumba zetu: ku redio, ku telefone ya mtoto, ku nganda ya jirani. Wazazi wengi wananiuliza: «Mama, hizi nyimbo zina maana gani? Ni za Shetani ao si za Shetani?» Wengine hawaulizi. Wanavunja redio, wanapiga mtoto, mambo yanaishia pale. Lakini hayaishi.

Nitawasimulia habari ya nyumba moja ya hapa Kalemie. Wenyewe wamenipa ruhusa, ila majina yao nimeyaficha.

Kaye ya mtoto

Baba mwenyewe ni mtu wa miaka mingi ku reli. Siku moja alikuta kaye ya masomo ya binti yake, mtoto wa miaka 16. Kwa nyuma, pahali pa hesabu, mtoto aliandika maneno ya wimbo kwa Kilingala, kurasa mbili nzima. Baba hajui sana Kilingala. Akamwita jirani, askari wa zamani aliyekaa Kinshasa. Yule jirani akasoma kidogo tu, akatikisa kichwa: «Baba, huyu mtoto anaandika siku atakayokufa.»

Baba akashikwa na hofu, na hofu ikageuka hasira. Akapasua kaye. Akachukua redio, akaifungia ndani ya kabati. Kaka mdogo wa binti anapenda rock ya Wazungu na magitaa ya kelele. Naye akanyang'anywa telefone. Toka siku ile binti hakusema neno. Anafagia, anateka maji, anaenda masomo, anarudi. Sahani yake ya bugali inarudi nusu.

Wiki ya pili baba akaja kwangu. «Mama,» akasema, «miye niliona njo nimeokoa mtoto. Sasa naona sawa vile nimemupoteza. Ile wimbo ilikuwa inasema nini?»

Nilimjibu: «Baba, wimbo ni kama mgeni mlangoni. Mbele ya kumfukuza, umuulize: unatoka wapi, unasema luga gani, nani amekutuma?» Basi tukakaa chini ya mwembe, tukaanza kuuliza. Ninyi pia mufuate, mutaona.

1. Wimbo unasema luga gani?

Neno moja linaweza kuvaa nguo mbili. Wazee wa Katanga mnakumbuka Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya. Mwaka 1952 Mzungu mmoja, Hugh Tracey, alimkuta na gitaa yake kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo uliotoka pale ukaenda dunia nzima: «Masanga». Nilimuuliza kijana wangu wa nyumbani: masanga ni nini? Akacheka: «Mama, si ni pombe!» Kweli, kwa Kilingala masanga ni pombe. Lakini Mwenda hakuimba Kilingala. Kwake masanga ni masanga ya njia, pahali njia zinapokutana. Mtu atakayesema «ule ni wimbo wa walevi» amemsingizia mzee wa watu, kwa sababu ya neno moja tu la luga ingine.

Mfano mwingine. Bob Marley wa Jamaika alitoa mwaka 1974 wimbo «No Woman, No Cry». Ulijulikana zaidi mwaka 1975, alipouimba mbele ya watu London. Hapa kwetu vijana wanaelewa hivi: bila mwanamke, hakuna kilio. Nimesikia bwana mmoja anamtupia bibi yake maneno yale ndani ya ugomvi, na bibi analia. Kumbe kwa Kiingereza cha watu wa Jamaika maana yake ni hii: hapana, mama, usilie. Mwanaume anamtuliza mwanamke, anamkumbusha maisha ya umaskini waliyoyapita pamoja katika mtaa wa Trenchtown, mji wa Kingston. Ni wimbo wa kufuta machozi, na yule bwana aliugeuza kuwa fimbo! Bwana, kama unasoma hapa, leo jioni mwimbie bibi yako tena, lakini kwa maana yake ya kweli.

2. Nani anayesema «mimi»?

Hili ndilo kosa kubwa la wazazi. Tunafikiri kila «mimi» ndani ya wimbo ni yule anayeimba, ao ni mtoto wetu anayeuimba nyuma yake. Hapana. Wimbo ni kama mchezo wa jukwaa. Anayevaa taji si mfalme.

Mnajua «Mario» ya Franco, ya mwaka 1985. Kijana mwenye diplome anakaa kwa mwanamke aliyempita miaka, anakula mali yake, hataki kutafuta kazi. Franco ni mwanaume, na mwili wake mkubwa tuliuona wote, lakini anayelalamika ndani ya wimbo ni yule mwanamke. Franco amemkopesha sauti. Kama hujui hilo, hutaelewa kitu. Na ukielewa, utaona ni fundisho kwa kijana yeyote anayelala mpaka saa nne na kungoja sahani ya wengine.

Basi tukafika ku wimbo wa kaye. Niliutambua mara moja. Ni «Mokolo Nakokufa», siku nitakayokufa, wa Tabu Ley Rochereau, wa mwaka 1966. Mzee mwenyewe alikufa Brussels mwaka 2013, na wimbo wake bado unatembea. Nilimueleza baba: pale ndani «mimi» si mtu mmoja. Mara ni maskini anayefikiri siku yake ya mwisho. Mara ni tajiri, roho yake iko ku mali anayoacha. Mara ni mlevi. Mara ni mwanamke wa njiani. Kila mmoja anakuja mbele ya kifo na mzigo wake. Hakuna hata mmoja anayeita kifo kije, na hakuna Shetani mule. Padri wetu angeweza kuanzia pale siku ya marehemu wote, na watu wakasikiliza kimya.

Baba akanyamaza. Halafu akasema polepole: «Kumbe jirani alisoma mstari mumoja tu.»

Ndiyo, baba. Mstari mmoja tu.

3. Je, umesikia wimbo mzima?

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule Marekani, mwaka 1984, mwimbaji wa rock Bruce Springsteen alitoa «Born in the U.S.A.», maana yake nimezaliwa Marekani. Kiitikio kinapigwa kwa nguvu, watu wanainua ngumi na bendera. Mwaka ule ule Rais Reagan, akitafuta kura kule New Jersey, alimsifu Springsteen kama mwimbaji wa matumaini. Lakini usikilize katikati ya kiitikio na kiitikio: ni habari ya mtu aliyetumwa vitani Vietnam, akarudi kwao, akaomba kazi, hakupewa. Ni kilio, si sherehe. Baba yeyote wa Kalemie aliyetembea asubuhi mbele ya mlango wa Filtisaf uliofungwa angeelewa wimbo ule kuliko mawaziri wengi.

Kijana wa rock akacheka niliposema hayo. Alikuwa amesimama nyuma ya mwembe, anasikiliza sawa vile hasikilizi. Akasema: «Mama, miye nilizania inasifu ile inchi.» Nilimwambia: «Na miye nilizania vile miaka mingi. Tujifunze pamoja.»

4. Wimbo ulitoka wakati gani, na unaficha nini?

Nyimbo zingine hazifunguki bila ufunguo wa wakati. Chukua «Indépendance Cha Cha» ya Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz. Waliitunga Brussels mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara, viongozi wetu walipokuwa wanaongea na Wabeleji juu ya uhuru. Mtoto wa leo anasikia majina yanafuatana, ya watu na ya vyama, anasema ni maneno matupu. Umueleze kila jina, nawe utakuwa umemfundisha historia ya inchi kwa dakika chache, bila fimbo.

Zingine zinaficha maana kwa sababu ya haya ao ya hofu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akavuka akaenda kupiga muziki Dar es Salaam toka mwaka 1978. Kwa hiyo ni ndugu yetu, hata kama Watanzania wanasema ni wao. Alitoa «Mambo kwa Soksi» karibu mwaka 1990. Soksi ile si ya mguu. Ni mpira wa kujikinga na SIDA. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Mtu anaweza kukubali ao kukataa shauri lake. Ndani ya jamaa za wakristo tunajua tunachofundisha juu ya uaminifu wa ndoa. Lakini tukiri: yule mwimbaji aliona watu wanakufa, akasema. Wangapi kati yetu wazazi tulizika watoto wetu miaka ile, na hatukutaja jina la ugonjwa? Franco naye aliimba juu ya SIDA mwaka 1987, akafa mwaka 1989. Waimbaji walisema mbele ya wazazi.

5. Na zile za kugeuza nyuma?

Baba aliniuliza hili kwa sauti ya chini. Alisikia kwamba nyimbo za rock, ukizipiga kwa kugeuza nyuma, ao ukisikiliza sana, Shetani anaongea na kuwatuma watoto wajiue.

Jambo hili lilifika mbele ya jaji. Mwaka 1990, mji wa Reno, Marekani, jamaa mbili zilishitaki orkestra moja ya rock ya Uingereza, Judas Priest. Vijana wao wawili walikuwa wamejipiga risasi mwaka 1985. Wazazi walisema kuna neno lililofichwa ndani ya wimbo, nalo ndilo liliwasukuma. Jaji alisikiliza wimbo, alisikiliza wataalamu. Mwishowe akakataa mashitaka: haikuhakikishwa kwamba waimbaji walitia neno lile kwa makusudi, wala kwamba wimbo ndio ulioleta kifo. Na katika yale yaliyosemwa mbele yake, ilionekana vijana wale walikuwa na maisha mazito: pombe, dawa za kulevya, taabu za nyumbani.

Siwacheki wale wazazi. Mzazi aliyepoteza mtoto anatafuta mkono uliomchukua, hata ndani ya gitaa. Lakini nilimwambia baba: «Tukitafuta Shetani kwa kugeuza wimbo nyuma, tusisahau kutazama mbele yetu, pale mtoto anapokaa.»

6. Kwa nini mtoto huyu anapenda wimbo huu?

Hili ndilo swali la mwisho, na ndilo kubwa. Maana ya wimbo haiko katika maneno peke yake. Nusu yake iko ndani ya roho ya anayeusikiliza. Na swali hili huwezi kumuuliza jirani, hata kama anajua Kilingala chote cha Kinshasa. Unamuuliza mtoto.

Nilimuomba baba aniachie binti mchana mmoja. Tulikaa ku maji, pale tunaona matishari na watu wanaoshusha mizigo. Sikumuuliza habari ya wimbo. Tulichagua dagaa pamoja, tukatoa mchanga. Kisha nikaanza kuimba wimbo ule mwenyewe, vibaya sana, sababu sauti yangu ni ya kuita mbuzi. Akacheka kidogo. Halafu akanisahihisha. Halafu akalia.

«Mama,» akasema, «miye sitaki kufa. Niliandika sababu ya yaya.»

Yaya wake alikwenda ku mashimo ya dhahabu, ana miaka 20. Udongo ukaanguka juu yao. Wenzake walimzika kule kule. Habari ilifika nyumbani baada ya siku nyingi. Matanga yalifanyika siku tatu, halafu baba akasema: basi, imetosha, hatutamtaja tena. Alizania hivyo ndivyo mwanaume anavyobeba jamaa yake. Toka siku ile jina la yaya halikutamkwa ndani ya nyumba. Nguo zake zilitolewa. Miaka miwili.

«Ku redio nilisikia ile ya maskini anafikiri siku yake,» binti akasema. «Nikawaza: kule chini, yaya alifikiri nini? Alifikiri siye? Hakuna mutu wa kuuliza. Njo nikaandika, ili nikae na jambo yake moja.»

Wapenzi wasomaji, mimi naandika ukurasa huu mwaka kwa mwaka, na mara nyingi nina jibu. Siku ile sikuwa nalo. Nilimshika tu mkono, na dagaa zetu zikakauka.

Jioni nilirudi naye nyumbani. Nilimwambia baba na mama mbele yake, kwa ruhusa yake. Mama akajifunika kitenge usoni. Baba alisimama, akaingia ndani, akakaa kule. Nilizania amekasirika. Kumbe alikwenda ku kabati. Alitoka na redio, akaiweka mezani. Na vipande vya kaye: hakuvitupa, alikuwa amevifunga ndani ya gazeti.

Akasema: «Binti yangu, uniimbie ile ya maskini. Halafu unieleze Kiswahili chake, pole pole. Miye sikujua.»

Akaimba. Yule wa rock akatafuta mistari ndani ya vipande, akaipanga juu ya meza. Usiku ule, mara ya kwanza kwa miaka miwili, jina la kijana wao lilitamkwa mezani, na mama akakumbusha namna alivyopenda kula mukate na karanga. Walicheka, wakalia. Sahani ya binti, mama aliniambia kesho yake, ilirudi tupu.

Shauri kwa wazazi

Sisemi kila wimbo ni mzuri. Kuna nyimbo zinazotukana wanawake, zinazosifu pombe na wizi, na mzazi ana haki ya kusema: hii hapana, nyumba hii haiiimbi. Lakini sema baada ya kuelewa, na eleza sababu. Mtoto anayepewa sababu atakumbuka hata ukiwa mbali. Anayepewa fimbo peke yake atasikiliza ule wimbo ku telefone ya mwenzake.

Na sikilizeni vizuri neno hili. Ikiwa mtoto anasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hataki kuishi, ao anagawa vitu vyake, ao hali, halali, anajitenga siku nyingi, pale usikae kufasiri nyimbo. Usimcheke, usimpige, usimwache peke yake. Uulize wazi: «Mwanangu, unafikiri kujiua?» Swali hilo halimpi mtoto wazo, linamfungulia mlango. Kisha umpeleke kwa muganga wa hospitali ao muuguzi wa santé, pamoja na mtu mzima anayemwamini. Yule binti alikuwa analia yaya wake, lakini baba hakukosea kuogopa. Alikosea tu kupasua mbele ya kuuliza.

Kwa mwezi huu nawaachia kazi moja ndogo. Jioni moja, baada ya chakula, kila mtu wa nyumba atoe wimbo mmoja anaoupenda. Baba ya kwake ya zamani, mama ya kwake, watoto za kwao, hata kama magitaa yanapiga kelele. Musikilize wimbo mzima. Kisha mwenye wimbo aeleze: luga gani, nani anasema, wakati gani, na kwa nini mimi naupenda. Wengine wasikate neno. Baba pia asikate neno!

Mutashangaa mambo mutakayosikia. Ndani ya nyumba nyingi za mashimo na za reli kuna jina ambalo halitajwi. Pengine mtoto wako analiimba kila siku, na weye unamwambia apunguze sauti.

Mubaki salama. Tuonane mwezi ujao.